Kinda wa Ndege Aliyeanguka: Yapasayo Kutendwa na Yasiyopasa

Mvua za masika zikisha kushika, na tena wakati wa mvua za vuli mwishoni mwa mwaka, ndege wengi wa nyanda za juu za Kenya huwa katika kazi ya kulea. Wadudu huwa tele, nyasi hutoa mbegu, matunda huiva, na kila jozi ya ndege hujitahidi kulisha watoto wao kabla neema hiyo haijapita. Ndipo watu waonapo kinda chini ya mti, au kando ya barabara, au hata mlangoni pa nyumba, amejikunyata na kulia. Mwenye huruma huinama, humwokota, humpeleka nyumbani, humpa maziwa na vipande vya mkate, na baada ya siku mbili kinda hufa.

Makala haya yataka kueleza ya kwamba vifo vingi vya namna hiyo vyaweza kuepukwa. Makinda wengi waokotwao hawakupotea, wala hawana haja ya kuokolewa. Na katika wale walioumia kweli, wako wengi wafao kwa sababu ya maji na chakula walichopewa na wenye huruma, wala si kwa sababu ya jeraha lenyewe. Mtu ajuaye mambo machache tu aweza kumwokoa ndege ambaye mwenye nia njema asiyejua angemwua.

KINOO NA NDEGE WAKE

Kinoo iko kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru, mbele kidogo ya Uthiru, katika Kaunti ya Kiambu. Zamani ilikuwa nchi ya mashamba. Leo nyumba za ghorofa zimesimama mahali pengi palipokuwa na mahindi na viazi. Hata hivyo miti haijakwisha. Iko miparachichi na migomba nyuma ya nyumba, iko migrevilea mipakani mwa mashamba, na ziko nyua za miti hai. Humo ndimo waishimo ndege.

Mnana hufuma viota vyake vya nyasi nchani mwa matawi. Pasa, wale ndege wa mikia mirefu, hutembea kwa makundi wakila matunda na majani machanga. Chozi hufyonza maua. Hua na njiwa hujenga viota vya vijiti vichache, ambavyo upepo mdogo tu waweza kuvipindua. Mbayuwayu hukaa chini ya mapaa na madaraja, kunguru na mwewe hukaa juu ya miti mirefu. Kenya nzima ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na watu wachache hutambua ni wangapi kati yao huishi nao mlango kwa mlango.

Lakini ujirani huo una hatari zake. Paka na mbwa ni wengi. Madirisha ya vioo huwadanganya ndege, wakidhani waona mbingu na miti. Miti hukatwa wakati wa kulea, viota vikiwa bado na makinda ndani yake. Nyuzi na vipande vya plastiki ambavyo ndege huokota kujengea viota huwafunga watoto miguu. Na baadhi ya vijana wetu bado hutembea na manati. Kwa sababu hizo, mkazi wa Kinoo, Kangemi au Kabete ana nafasi kubwa ya kukutana na ndege aliyeumia, pengine kuliko mtu akaaye kijijini mbali.

JE, AMEUMIA, AU ANAJIFUNZA KURUKA?

Jambo la kwanza ni kusimama mbali na kutazama. Makinda ni wa namna mbili, na tendo lifaalo kwa mmoja halimfai mwingine.

Wa kwanza ni yule aliye uchi, au mwenye manyoya machache yaliyoanza kuchomoza kama miiba. Macho yake huenda bado yamefumba, wala hawezi kusimama. Huyu mahali pake ni kiotani, na akikaa chini atakufa kwa baridi au ataliwa.

Wa pili ni yule aliyekwisha kuota manyoya mwili mzima, ila mkia wake ni mfupi na pembe za mdomo wake bado ni za manjano. Huyu hurukaruka chini, hupapatika hatua mbili tatu, kisha hutulia. Watu wengi humdhania kuwa ameumia, kumbe yuko shuleni. Ndege wengi wadogo huacha kiota siku kadhaa kabla hawajaweza kuruka vizuri, na siku hizo wazazi huwafuata na kuwalisha huko huko walipo, chini au vichakani. Mama na baba wa kinda huyo huenda wako juu ya mti uo huo, wanakutazama wewe na kungoja uondoke. Amchukuaye kinda wa namna hii akidhani amemwokoa, kwa kweli amemnyang'anya wazazi wake.

Basi, ukimwona kinda mwenye manyoya, mzima wa mabawa na miguu, mwache. Kama yuko barabarani au karibu na paka, mchukue umweke juu ya tawi au ndani ya kichaka kilicho karibu, mahali ambapo sauti yake itasikika na wazazi. Mfungie paka wako na mbwa wako kwa siku mbili tatu. Hiyo ndiyo kazi yote.

HARUFU YA MKONO WA MTU

Wengi huamini ya kwamba kinda akiguswa na mtu, mama yake atasikia harufu ya mkono na kumkataa. Jambo hili si kweli. Ndege wengi wa mitini hawaongozwi na harufu katika kuwatambua watoto wao. Huongozwa na macho, na sauti, na mahali pa kiota. Mzazi aliyekwisha kutumia majuma kadhaa kutaga, kuatamia na kulisha hamwachi mtoto wake kwa sababu ndogo kama hiyo. Kinachomfukuza mzazi ni mtu kusimama karibu saa nzima, au watoto kukusanyika na kupiga kelele.

Kwa hiyo kinda aliye uchi na asiye na jeraha arudishwe kiotani mara moja. Kama mwili wake ni wa baridi, kwanza mpashe joto ndani ya viganja vya mikono mpaka achangamke, maana mzazi aweza kumpita mtoto asiyejongea wala kufumbua mdomo.

Na kama kiota chenyewe kimeanguka au kimeharibika, tengeneza kingine. Chukua kikapu kidogo, au kopo lililotobolewa matundu chini ili maji ya mvua yasisimame, tia nyasi kavu, kisha ulifunge imara juu ya mti ule ule, palipo na kivuli. Usitumie pamba, kwa kuwa nyuzi zake hunasa kucha. Halafu nenda mbali, ndani ya nyumba ikiwezekana, utazame kwa muda wa saa mbili hivi. Wazazi wakija na chakula mdomoni, kazi imekwisha. Wasipokuja kabisa, ndipo utakapojua ya kuwa huenda wamekufa au wamekimbia, na kinda ahitaji msaada mwingine.

ALAMA ZA NDEGE ALIYEUMIA

Ndege aliyeumia hujulikana kwa alama zisizofichika. Bawa moja huning'inia chini kuliko lingine. Mguu hauwezi kukanyaga. Damu huonekana. Hupumua kwa kufungua mdomo hali hakuna jua kali. Hulala ubavu, au kichwa chake kimepinda. Inzi wametaga mayai katika manyoya yake. Tena yeyote aliyetoka kinywani mwa paka ahesabiwe kuwa ameumia, hata kama huoni jeraha. Meno ya paka ni membamba kama sindano, na kinywa chake kina vijidudu ambavyo huingia katika damu ya ndege na kumwua kwa siku mbili au tatu. Ndege huyo ahitaji dawa ya antibayotiki kutoka kwa daktari siku ile ile. Maji ya chumvi na maombi hayatoshi.

GIZA, JOTO NA KIMYA

Umwokotapo ndege aliyeumia, mfunike kwanza kwa kitambaa chepesi, kisha mshike kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamekunjwa kama kawaida yake. Usimbane kifua. Ndege hana kiwambo cha ndani kama kile kimsaidiacho mtu kuvuta pumzi. Hupumua kwa mfupa wa kidari kupanda na kushuka. Mtoto akimfumbata ndege kwa nguvu, aweza kumwua pasipo kukusudia, huku akidhani amempakata kwa upendo.

Jihadhari pia na nafsi yako. Korongo, yangeyange na ndege wengine wa mdomo mrefu hudona macho. Mwewe, tai na bundi hushika kwa kucha, na kucha zao zaweza kupenya mpaka mfupani. Ndege hao washikwe kwa blanketi au gunia, na miguu idhibitiwe kwanza.

Mweke katika boksi la karatasi ngumu lililotobolewa matundu ya hewa, na chini yake pametandikwa kitambaa kisicho na nyuzi zilizolegea. Usitumie tundu la nyaya, maana atajipigapiga na kuvunja manyoya. Lifunike boksi lipate giza. Ndege akiwa gizani hutulia, na akitulia moyo wake hupumzika.

Joto ni dawa ya kwanza kuliko zote. Damu ya ndege ina joto la kadiri ya digrii 40 hadi 42, nalo ni zaidi ya lile la mtu. Kinda asiye na manyoya, au ndege aliyestuka, hawezi kulishika joto hilo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Kinoo iko juu zaidi. Usiku wa Julai, ukungu ukishuka kutoka upande wa Limuru, baridi yake yajulikana na kila mtu. Jaza chupa maji ya moto, uifunge kwa kitambaa, uiweke upande mmoja wa boksi, ili ndege aweze kuisogelea au kuikimbia kama apendavyo. Maji yakipoa, yabadilishe.

Kisha liweke boksi mahali pa kimya, mbali na redio, televisheni, watoto na paka. Usifungue kila dakika kutazama. Kwako wewe unamtazama kwa huruma, lakini kwake yeye wewe ni adui mkubwa aliyekuja kumla. Ndege aliyegonga kioo cha dirisha, mathalani, mara nyingi huhitaji saa moja au mbili za giza na kimya tu. Kisha boksi likifunguliwa nje, huruka mwenyewe.

MAJI NA CHAKULA

Hapa ndipo makosa mengi hutendeka. Kosa la kwanza ni kumimina maji mdomoni mwa ndege. Tundu la pumzi la ndege liko nyuma ya ulimi wake, wazi kabisa, na matone machache yakiingia humo huenda mapafuni. Kinda hufa kwa kuzama, ingawa hakuwa mtoni. Makinda wa kiotani hawanywi maji; hupata maji yao katika chakula. Ndege mkubwa aliyeumia awekewe maji katika kisahani kifupi, anywe mwenyewe atakapotaka.

Kosa la pili ni maziwa. Ndege si mnyama anyonyeshaye, na tumbo lake haliwezi kuyasaga maziwa ya ng'ombe. Humharisha na kumdhoofisha. Mkate nao hujaza tumbo pasipo kujenga mwili.

Kosa la tatu ni kumlisha ndege aliye baridi au aliyestuka. Tumbo lake halifanyi kazi mpaka apate joto. Mpashe joto kwanza, chakula baadaye. Kama daktari aweza kufikiwa kwa saa chache, ni afadhali usimlishe kabisa.

Ikiwa hapana budi kumlisha wakati wa kungoja msaada, chakula na kifanane na kile ambacho wazazi wangempa. Ndege wadogo wengi, hata wale walao mbegu wakiwa wakubwa, hulisha makinda wao wadudu. Kumbikumbi waliokatwa mabawa, panzi wachanga, na kiini cha yai lililochemshwa hufaa kwa muda mfupi. Makinda wa pasa na wengine walao matunda wapewe papai au ndizi mbivu iliyopondwa. Mwewe na bundi wapewe vipande vidogo vya nyama mbichi isiyo na chumvi, lakini nyama tupu isiendelee siku nyingi, kwa maana ndege hao hupata chokaa ya mifupa yao kwa kula panya mzima, pamoja na mifupa na manyoya.

Kinda mwenye njaa hufumbua mdomo wenyewe. Weka chakula ndani kabisa kwa kijiti kilichochongwa butu, kidogo kidogo, mpaka aache kuomba. Aliye uchi hula kila nusu saa tangu alfajiri hadi magharibi. Aliyeota manyoya hula kila saa moja hivi. Usiku hulala. Mtu aendaye kazini mjini asubuhi na kurudi jioni hawezi kazi hii, na ni vema alikiri jambo hilo mapema.

Makinda wa njiwa na hua wana desturi ya pekee. Hawafumbui mdomo, huingiza mdomo wao ndani ya mdomo wa mzazi, na baba na mama wote wawili huwapa ute mzito kama maziwa utokao katika gole, yaani kile kifuko cha chakula kilicho kooni. Hakuna kitu jikoni mwetu kifananacho na ute huo. Kinda wa njiwa aliye mchanga apelekwe kwa mjuzi upesi.

MFUPA ULIOVUNJIKA

Mifupa ya ndege ni myepesi, na mingine ina hewa ndani yake. Huunga upesi kuliko ya watu, pengine kwa majuma mawili au matatu tu. Upesi huo una faida na hasara: mfupa uliokaa vizuri hupona mapema, lakini uliokaa vibaya huunga ukiwa umepinda, na ndege huyo hataruka tena maisha yake yote. Kwa hiyo siku za kwanza ndizo zenye thamani. Usijaribu kunyoosha mfupa mwenyewe wala kufunga vijiti. Lililo salama ni kulikunja bawa lililoumia mbavuni kama linavyokaa siku zote, na kulifunga kwa ukanda laini wa kitambaa pasipo kukaza kidari, kisha kwenda kwa daktari.

Wakazi wa Kinoo wana bahati katika jambo hili. Kabete ya Juu, mwendo mfupi kutoka kwao, ndiko kiliko chuo cha udaktari wa wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Hata penginepo, daktari wa mifugo atibuye kuku na mbwa aweza kusafisha jeraha, kutoa dawa, na kusema kweli kama ndege ana tumaini au hana. Iwapo hana, daktari ajua njia ya kumpumzisha pasipo maumivu, na hiyo pia ni huruma.

USIWASAHAU KUKU WAKO

Katika Kiambu nyumba nyingi hufuga kuku, wengine kwa mayai, wengine kwa nyama, na wako wanaolipa karo za shule kwa biashara hiyo. Ndege wa porini aweza kuwa na maradhi ya kuku, kama kideri, ambacho wafugaji wengi hukiita Newcastle, au homa ya mafua ya ndege. Usimweke kamwe bandani pamoja na kuku, wala usitumie vyombo vyao. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kumshika na baada ya kumshika, na watoto waangaliwe wafanye vivyo hivyo, kwa kuwa yako pia maradhi ya tumbo na ya mapafu yanayotoka kwa ndege kwenda kwa watu. Na ukiona ndege wengi wamekufa mahali pamoja, usiwaguse. Mpashe habari ofisa wa mifugo.

KINDA ASIJIDHANI MTU

Katika miaka ya 1930, mtaalamu mmoja wa Austria, Konrad Lorenz, aliwalea vifaranga wa bata bukini tangu walipototoka mayai. Vifaranga hao walimfuata yeye kila alikokwenda kana kwamba ndiye mama yao. Lorenz alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili, kwa kazi yao ya kuchunguza tabia za wanyama. Jambo alilolieleza lina maana kubwa kwa yeyote aleaye kinda. Ndege mchanga hujifunza yeye ni nani kwa kumtazama amleaye. Kinda wa bundi au wa mwewe aliyelelewa peke yake na watu huja kujidhani kuwa mtu. Akikomaa hamtambui mwenzi wake, hawaogopi wanadamu wala mbwa, na akiachiliwa hufuata watu akitaka chakula, mpaka apigwe jiwe.

Ndiyo sababu walezi wa kazi hiyo humlisha kinda pasipo kuzungumza naye, humweka pamoja na makinda wenzake wa aina yake, na hawampi jina la kuchezea. Kumpenda ndege wa porini ni kumwacha abaki wa porini.

SHERIA, NA MAHALI PA KUMPELEKA

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inawahesabu ndege kuwa ni wanyamapori, na mtu haruhusiwi kufuga mnyama wa porini pasipo kibali. Kumhifadhi ndege aliyeumia kwa saa chache, huku ukimtafutia msaada, ni tendo la huruma; kumfungia tunduni mwezi baada ya mwezi ni kuvunja sheria. Toa habari mapema kwa Shirika la Wanyamapori, yaani KWS. Shirika hilo lina makao ya wanyama mayatima yaliyofunguliwa mwaka 1964 upande wa Langata, katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Chama cha kuwatunza wanyama, KSPCA, nacho kiko upande wa Karen. Kwa ushauri wa kutambua aina ya ndege, iko Nature Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1909, chenye ofisi katika uwanja wa Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi.

Kwa ndege walao nyama, liko shirika liitwalo Kenya Bird of Prey Trust, lenye vituo Naivasha na Soysambu. Barabara ile ile ipitayo Kinoo ndiyo iendayo huko. Katika vituo hivyo tai, mwewe, tumbusi na bundi waliojeruhiwa hutibiwa, na wale wapatao nguvu hufundishwa tena kuruka na kuwinda kabla ya kuachiliwa.

Kazi hiyo si mchezo wa watu wenye nafasi. Mwaka 2022 wataalamu walichapisha matokeo ya kuwahesabu ndege walao nyama kando ya barabara za Kenya, wakilinganisha hesabu za miaka ya 1970 na za miaka ya karibuni. Katika aina 22 walizozipima, 19 zilikuwa zimepungua. Sumu, nyaya za umeme, na kupotea kwa makao yao ni miongoni mwa sababu. Hali ikiwa hivyo, tai mmoja aliyeponywa akarudi kuzaa ana thamani yake.

NENO JUU YA BUNDI

Ndege asiyepata huruma hata kidogo ni bundi. Wagikuyu humwita ndundu, na kama makabila mengine mengi ya nchi hii, wazee walisema ya kwamba akilia juu ya nyumba ameleta habari ya kifo. Kwa ajili hiyo kinda wa bundi akianguka, hupigwa mawe kabla hata ya kutazamwa. Lakini bundi hulia kwa sababu ile ile ndege wengine huimba, yaani kumwita mwenzi na kuulinda mtaa wake. Huja karibu na nyumba kwa kuwa panya wako karibu na nyumba. Mtu aliyekwisha kupoteza mahindi ghalani kwa sababu ya panya angepaswa kumshukuru mlinzi huyo afanyaye kazi usiku kucha wala hadai mshahara. Tena kinda wa bundi huacha kiota kabla hajajua kuruka, hukaa matawini au chini akiwa mviringo wa manyoya meupe na macho makubwa, na wazazi huendelea kumlisha. Kwa hiyo naye, asipokuwa na jeraha, aachwe au apandishwe tawini.

KUMWACHILIA

Ndege aliyepona huachiliwa asubuhi, siku isiyo ya mvua, mahali pale pale alipookotwa au karibu yake, ili apate siku nzima ya kutafuta chakula na kujizoesha. Asiachiliwe mpaka awe anaruka vizuri, anajilisha mwenyewe, na manyoya yake hayapitishi maji. Mbayuwayu na jamaa zake wenye mabawa marefu, walioanguka chini bila kuumia, wawekwe juu ya kiganja kilichoinuliwa juu mahali peupe, waondoke wenyewe. Wasirushwe hewani kama jiwe.

Si kila ndege atapona. Hata mikononi mwa madaktari, wako wengi wafao, na mtu asivunjike moyo kwa hilo. Lakini mtoto aliyefundishwa kusimama mbali na kutazama kwanza, kisha kuuliza, kisha kutenda, amejifunza jambo litakalomfaa pia penye mtu aliyeumia. Wazazi na walimu wa Kinoo na kwingineko wangefanya vema kuwaambia watoto habari hizi sasa, kabla mvua hazijaleta tena makinda chini ya miti, na kuyachukua yale manati mikononi mwao. Wahenga walisema, wema hauozi.